Kikuba cha Mwenye Shughuli

Shangazi yangu hatungi maua kwa haraka, wala hamtungii mtu asiyemjua. Hilo la pili nililielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipokaa naye uani kwake Kikwajuni, Unguja, tangu alasiri hadi baada ya isha, nikimtazama akitengeneza kikuba kimoja tu.

Kikuba, kwa msomaji wa bara asiyekizoea, ni kifurushi kidogo cha maua na majani ya kunukia ambacho mwanamke wa pwani hukibandika kifuani anapokwenda harusini au kwenye sherehe nyingine. Si shada la kushika mkononi, wala si koja la kuning'inia shingoni. Kiko karibu na mwili, mara nyingi kimefichwa na mtandio, na wa kwanza kukijua ni pua, macho hufuata. Kiini chake huwa cha mrehani, mkadi na waridi. Juu yake huzungushwa asumini. Maisha yake ni usiku mmoja.

Kikuba cha siku hiyo kilikuwa zawadi. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa anaoza binti. Maua ya bibi harusi yalikwishaagizwa, na watu wa kumpamba walikuwapo tele. Shangazi alikuwa anamfikiria mama mtu.

Sisi watu wa pwani karamu huiita shughuli, na neno halikukosea. Aliyealikwa huiona karamu. Aliyealika huiona shughuli hasa. Yeye ndiye huhesabu sahani, hutafuta mkeka wa ziada, huulizwa chumvi iko wapi, na hula mwisho kilichobaki kwenye ukoko. Kwa hiyo kumchagulia zawadi mwenye shughuli si kazi ya dukani. Inataka kwanza kumtazama mtu akiwa kazini.

Shangazi alimtazama siku tatu kabla. Alikwenda pale, kama walivyokwenda wanawake wengine wa mtaa, kusaidia kuchambua mchele. Walikaa mkekani, miguu wameinyoosha, nyungo mapajani, wakitoa kokoto na chuya huku wakizungumza. Shangazi alichambua mchele na alimchambua mwenyeji. Aliporudi alikuwa na mambo manne kichwani. Kwamba mwenye shughuli atavaa dera la kitambaa chepesi, lisilobeba kitu kizito. Kwamba hapendi ua la langilangi. Ukimletea karibu hukunja uso na kushika kipaji. Kwamba udi umejaa kabatini kwake kiasi cha kutosha harusi mbili. Na kwamba alipoulizwa kwa utani, atakaa saa ngapi siku hiyo, alijibu bila kucheka: "Nikikaa kabla ya saa tatu usiku, mjue naumwa."

Zawadi za kawaida shangazi alizipitia mojamoja, kama alivyopitia kokoto kwenye ungo. Doti ya kanga ni zawadi nzuri, lakini kanga ina jina, na jina hutaka msomaji wake. Siku ya harusi nyumba imejaa watu wa kila upande, na jina la kanga linaweza kusomwa na asiyekusudiwa, akadhani anaambiwa yeye. Halua italiwa na wageni kabla mwenyewe hajaionja. Udi anao. Fedha zina daftari.

"Kilichoingia daftarini kitatoka," aliniambia. "Siku yangu ikifika atakuja kunilipa, na kuzidisha. Mwanangu, yule ana madeni ya watu sitini wa kuwalipa shughuli zao. Mimi nataka kitu kisichoandikika."

Nikamwambia, "Lakini shangazi, kikuba si hunyauka kesho yake?"

"Ndiyo," akasema. "Hakitamkalia kabatini."

Jioni ya kuamkia siku yenyewe aliumwagilia mwasumini maji. Aliyamwaga chini, kwenye shina, kwa kata, polepole, akisubiri udongo unywe ndipo aongeze. Majani na maua hakuyagusa. Maji yakikaa juu ya tumba la asumini huacha doa la kahawia, na doa hilo halifutiki.

Asubuhi tulikwenda Darajani. Soko hili limefunguliwa tangu mwaka 1904, na shangazi hulitembea kama nyumba yake mwenyewe, hatazami asichokifuata. Alinunua fungu moja la mrehani, lakini kabla ya kulilipa alilipekua hadi ndani, kwa sababu wauzaji huweka vitawi vibichi nje na vilivyochoka katikati. Alikata jani moja, akalisugua baina ya vidole viwili, akanusa, akasubiri, akanusa tena. Harufu ya kwanza, alinieleza, hutolewa na kila mrehani. Ile ya pili hutolewa na mzuri tu. Kisha akanunua mawaridi mawili, mekundu, yaliyofunguka nusu. Ua la mkadi alikuwa amemwagiza mtu wa shamba, likaletwa limefungwa kwenye gazeti. Mkadi ni mti wa majani marefu yenye miiba pembeni, na ua lake huchanua kwa kanda ndefu nyeupe zinazoelekea manjano. Gazeti lilipofunguliwa, ua lote likanuka kabla hatujaliona vizuri.

Vyote hivyo aliviweka kivulini, chini ya kitambaa kilicholowekwa na kukamuliwa. Kisha akapika, akala, akaswali, akalala kidogo. Sikuona ajabu wakati ule. Sasa najua kwamba usingizi ule ulikuwa sehemu ya kazi. Asumini haichumwi mchana wa jua kali kwa kuwa mtu ana nafasi. Huchumwa saa yake, na anayeijua saa hiyo anaweza kulala bila wasiwasi.

Saa yake ilikuwa kumi kasorobo. Alisimama mbele ya kichaka, mikono nyuma, akakizunguka mara moja bila kugusa kitu. Mwasumini ule una kimo cha kumfika kifuani na umeegemea ukuta upande unaopata jua la asubuhi. Nilipokaribia niliona kile alichokuwa anakitazama: jioni moja, kwenye kichaka kimoja, palikuwa na matumba ya siku tatu. Yalikuwapo madogo ya kijani, magumu kama punje ya mpunga. Hayo ukiyachuma leo hayatafunguka kamwe, yatakufa yamefumba. Yalikuwapo yaliyofunguka usiku uliopita, yakaanza kuingia wekundu wa zambarau kwenye kingo. Hayo yalikwishamaliza zamu. Na baina ya hayo yalikuwapo meupe, yamejaa, ncha zimekazana. Hayo ndiyo ya usiku wa leo.

Macho peke yake hayatoshi kutenganisha tumba la leo na la kesho, maana la kesho nalo huanza kuwa jeupe. Shangazi hutumia ubavu wa kidole. Alinishika mkono akanigusisha moja, kisha jingine. La kesho ni gumu kama njegere mbichi. La leo hubonyea kidogo, halafu hurudi. Nilipofumba macho nililijua. Nilipofumbua nikachanganyikiwa tena.

Alichuma kwa kucha ya dole gumba na kidole cha shahada, chini kidogo ya kile kikombe cha kijani kinacholishikilia ua, akiacha kipande kifupi cha kikonyo. Hakuvuta. Kuvuta hutikisa tawi, na tawi likitikisika huangusha ya kesho. Mkono wa kushoto ulishika tawi, wa kulia ukakata, na kila tumba lililokatwa liliwekwa ndani ya ungo uliotandikwa kitambaa chenye unyevu. Hakuna lililorushwa. Alihesabu kwa sauti ya chini, kwa makumi, akisimama kila baada ya kumi kunyoosha mgongo. Alipofika 150 aliacha, ingawa bado yalikuwapo mengine mazuri.

Wataalamu wa mimea nao waliiona saa hii ya asumini. Mwaka 1753, Carl Linnaeus alipoliandika ua hili katika kitabu chake Species Plantarum, alilipa jina la Nyctanthes sambac, na sehemu ya kwanza ya jina hilo, kwa Kigiriki, ni ua la usiku. Mwaka 1789 William Aiton alilihamishia kwenye jenasi ya Jasminum, na ndiko liliko hadi leo. Jina likabadilika, ua likabaki na tabia yake: hufunguka giza likiingia, wadudu wa usiku wanapotoka, na hutoa harufu yake kubwa wakati huo huo. Ukilikata tawini likiwa limekomaa, litaendelea na hesabu yake mkononi mwako. Hapo ndipo sanaa ya kikuba iliposimama. Fundi hufanya kazi na maua yaliyofumba ili mvaaji apate yaliyofunguka.

Ndani ya ukumbi, karibu na dirisha, shangazi alikaa kwenye kibao cha mbuzi kilichokwishang'olewa meno, akauweka ungo mapajani. Kazi iliyofuata ilikuwa kuchambua. Alilichukua kila tumba kwa kikonyo, akalizungusha mbele ya mwanga. Lenye kitundu, hata kidogo kama ncha ya sindano, lilitoka, kwa sababu mdudu yumo ndani na tumba hilo litafunguka limeliwa. Lenye doa lilitoka. Lililobanwa kidogo na kucha yake mwenyewe lilitoka pia. Yaliondoka 18. Yaliyobaki aliyapanga mafungu matatu juu ya kitambaa: makubwa, ya kati, madogo. Nilidhani tofauti zao hazina maana, maana kwa macho yangu yalikuwa sawa. Alipomaliza kuyapanga, mafungu matatu yakiwa yamelala kandokando, tofauti ikawa wazi kama ya watoto wa darasa tofauti waliopanga mistari.

Kisha akaweka uzi kwenye sindano. Uzi ni wa pamba, mweupe, umekunjwa mara mbili. Uzi wa nailoni hautumii, ingawa una nguvu zaidi; huteleza, nao hukata kikonyo kama wembe ukivutwa. Sindano ni nyembamba na ndefu kuliko ya kushonea. Yeye mwenyewe alijifunza bila sindano. Utotoni mwake watoto hawakukabidhiwa sindano wala uzi. Walipewa chelewa, ule uti mwembamba wa ukuti wa mnazi, wakaambiwa watungie hapo maua yaliyokwishaanguka chini. Chelewa haipindi. Ukikosea tundu, ua hupasuka na kila mtu huona. Alitungia chelewa miaka miwili kabla ya kupewa uzi.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mengi hapa. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, shairi hutungwa, mimba hutungwa. Kila mahali neno hilo lina maana ya vitu kushikana kwa mpango, kimoja kikifuata kingine, na mahali pake kila kimoja. Nilipomtazama shangazi nilielewa kwa nini mtunzi wa mashairi na mtunga maua wamepewa kitenzi kimoja. Mkono wake ulikuwa na mizani.

Sindano haipiti kwenye tumba. Inapita kwenye ule mrija mwembamba ulio baina ya tumba na kile kikombe cha kijani, na inapita kwa upande, si kwa urefu. Tumba la kwanza lilitazama mlangoni. La pili likatazama dirishani, la tatu ukutani, la nne likanitazama mimi. Manne hayo yalifanya duara moja. Lililofuata lilikaa juu ya nafasi iliyoachwa baina ya mawili ya chini yake, kama matofali yanavyopishana ukutani, ili uzi usionekane popote. Alianza na madogo, akaingia kwenye ya kati, akafika makubwa, kisha akarudi kwa mpango ule ule hadi madogo tena. Kila duara tatu alisukuma maua kwa kidole, taratibu, yakakaribiana.

Yalikaribiana lakini hayakubanana. Hilo lilinishangaza. Mtungo ulionekana umelegea, na jicho lisilojua lingesema haujakamilika. Palikuwa na mwanya baina ya duara na duara wa kutosha kupitisha ukucha. Nikamuuliza kama auvute zaidi.

"Yamefumba haya," akasema, bila kuinua macho. "Yakifunguka yatakaa wapi?"

Nikaomba kujaribu. Alinipa sindano bila kusita, akasogeza ungo upande wangu. Tumba la kwanza nilichoma juu mno. Likatoa unyevu, na kabla sijafika la tatu lilikuwa limeshapata mstari wa kahawia. La pili nililipanga likatazama kule kule lilikotazama la kwanza. La tatu lilikaa vizuri, kwa bahati. Shangazi alipokea mtungo, akayatazama matatu hayo, akayachomoa mawili bila neno, akaacha lile moja. Mpaka leo najua lile moja lilikuwa kwenye duara la ishirini na mbili.

Mtungo ulipofika duara 30, ukiwa na matumba 120, ulikuwa na urefu wa shubiri yake moja. Aliukata uzi akiacha mkia mrefu pande zote mbili, akaulaza ndani ya kitambaa chenye unyevu, akaufunika. Maua kumi yaliyosalia aliyafunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Hayo ndiyo malipo yake, nadhani. Sikumwona akichukua mengine.

Sasa kiini. Alichukua vitawi vitano vya mrehani, akavikata sawa, urefu wa kidole cha kati, akaondoa majani ya chini ili vikonyo vipate kukaa pamoja. Ua la mkadi alilichana kwa ukucha wa dole gumba. Alianza ncha ya juu, akashusha ukucha polepole kwa mkono usiotikisika, na ukanda mmoja ukawa chane sita, kila moja nyembamba kama ukindu uliotayarishwa kwa mkeka. Chane hizo alizikunja mara mbili na kuzisokota kidogo, kwa kuwa mkadi ukisokotwa huachia harufu pole pole badala ya kuimaliza mara moja. Petali za waridi alizilaza moja juu ya nyingine, tano tano, akazikunja kama anayekunja tambuu. Kisha akavikusanya vyote: mrehani nyuma, mkadi kati, waridi mbele. Akavifunga kwa uzi mara saba, akakaza fundo kwa meno.

Langilangi hakutia. Kwenye mti wa jirani lilikuwapo, limechanua, la bure, na kikuba kikubwa cha watu wengine kisingekosa. Nilimwona akilitazama kupitia juu ya ukuta. Nikakumbuka kipaji kilichoshikwa siku ya kuchambua mchele. Mtu akiitengeneza zawadi kwa ajili ya mtu fulani, sehemu ya ustadi wake haionekani, kwa sababu iko katika kile alichokiacha.

Mtungo wa asumini aliuzungusha kwenye kiini mara moja na robo, ncha zikapishana nyuma, na ile mikia ya uzi ikaunganishwa. Matumba makubwa, aliyoyaweka katikati ya mtungo, yaliangukia mbele hasa, pale macho na pua vitakapofika kwanza. Madogo yakajificha nyuma, upande utakaolala kwenye nguo. Ndipo nikaona kwamba yale mafungu matatu juu ya kitambaa, saa moja kabla, yalikuwa tayari yanalijua umbo hili. Kikuba kizima kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto na uzito usiofika wa yai. Dera la kitambaa chepesi lingekibeba bila kulegea.

Mwisho wa utengenezaji ni marashi, na hapa watu wengi huharibu. Shangazi ana chupa ndogo ya marashi ya mawaridi kutoka Oman, ambako mawaridi ya Jebel Akhdar hukamuliwa harufu yake kila msimu wa machipuko. Hakunyunyizia. Alidondosha matone matatu kwenye ncha ya kidole, akapaka vikonyo vya mrehani kwa nyuma, mahali ambapo joto la mwili litayafikia. Asumini haikuguswa na tone hata moja. Harufu yake haikuhitaji msaada, na weupe wake haukustahili doa.

Kwa kukifungia alikata kipande cha jani la mgomba, akakibabua juu ya makaa hadi kikalainika na kung'aa. Kisha akasubiri. Alikiweka juu ya jiwe la baraza na kukiacha kipoe kabisa, akakigusa kwa nyuma ya mkono, akakiacha tena. Jani la moto lingeyaamsha maua kabla ya wakati. Lilipopoa alikilaza kikuba ndani, akakunja pande nne, akafunga kwa ukindu. Nilikuwa nimemletea sahani nzuri ya kigae, nikidhani itapendeza zaidi. Alitikisa kichwa.

"Sahani hairudi tupu," akasema. "Ukimpelekea sahani umempelekea kazi. Jani atalitupa."

Tulitoka baada ya isha. Nilitaraji tufike tukabidhi, kama wanavyokabidhi watu wengine mlangoni, lakini shangazi alikiweka kifurushi ndani ya mkoba wa ukili, chini ya leso yake, akaingia na mikono mitupu. Alisaidia kupanga sahani. Alimshikia mtu mtoto. Ukumbi ulikuwa umejaa, chetezo kinapita, mrashi unapita, na mwenye shughuli alipita nyuma ya vyote hivyo akiwa na kitambaa begani, akijibu watu watatu kwa wakati mmoja. Mara mbili alisimama karibu nasi. Mara mbili shangazi hakufungua mkoba. Zawadi ambayo ingewekwa mezani ili ishughulikiwe baadaye haikuwa zawadi aliyoitengeneza.

Saa tatu na dakika kumi, sinia la mwisho la pilau lilitoka jikoni. Mwenye shughuli alilifuata kwa macho hadi likafika mlangoni, kisha akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa kando ya ndoo za maji, akakaa. Hakuegemea. Alikaa kama mtu anayejua ataitwa. Shangazi alikwishasimama.

Alipiga goti mbele yake, akafungua ukindu, akafunua jani. Ncha za matumba zilikuwa zimeanza kupasuka, kama kumi hivi, na mengine yalikuwa yamelegeza tu. Alitoa pini mbili kutoka kwenye pindo la mtandio wake, akakibandika kikuba upande wa kushoto, pini zikiingia kwa ndani zisionekane. Kushoto, kwa sababu mkono wa kulia wa mwenye shughuli ulikuwa na kazi bado, na kila unaponyanyuka ungekisugua. Alikisogeza kidogo juu. Akarudi nyuma, akatazama, akakisogeza tena chini kwa upana wa uzi.

Mwenye shughuli aliinamisha kidevu, akavuta pumzi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Wallahi, tangu asubuhi nanuka vitunguu."

"Najua," shangazi akamjibu, akakaa chini kando yake.

Waliketi hivyo, hawazungumzi. Mwenye shughuli aliitwa mara moja kutoka ukumbini, akajibu bila kuinuka, na mtu mwingine akaenda. Baada ya nusu saa nilikitazama tena kile kikuba. Maua yote yalikuwa yamefunguka, petali zimeegemeana, kila duara limeingia kwenye mwanya ulioachwa kwa ajili yake, na mtungo ule niliodhani umelegea ulikuwa umejaa pomoni, hakuna uzi, hakuna nafasi, weupe mtupu.

Kesho yake asubuhi nilimkuta shangazi uani na kisu kidogo. Alikuwa anayakata yale matawi aliyoyachuma maua jana, kila moja juu ya fundo la pili la majani. Asumini huchanulia kwenye machipukizi mapya, alisema. Ukiliacha tawi lililokwishazaa, litarefuka tu na kukuahidi. Alikata bila haraka, akiyahesabu tena kwa makumi, kama alivyoyahesabu maua.

Mwasumini wa aina hii ni nadra kuzaa mbegu. Popote ulipo kwenye visiwa hivi, ulifika ukiwa tawi mkononi mwa mtu. Wa shangazi ulitoka uani kwa mama mkwe wake, na wa mama mkwe ulitoka kwa mwingine asiyemjua tena. Katika matawi aliyoyakata alichagua moja, nene kiasi cha kalamu, lenye mafundo matatu, akaliondoa majani ya chini, akalichomeka kwenye kopo la maziwa lililojaa mchanga na udongo mweusi. Alilimwagilia kwa kata, polepole, kwenye shina.

Nilimuuliza ni la nani. Alilisukuma kopo kivulini, kando ya ukuta, akaosha mikono.

"Likishika mizizi tutampelekea," akasema. "Sasa hivi mwache apumzike."